Usimwite Mageni

Mimi ni fundi cherehani hapa sokoni Kambarage, baraza linalotazamana na mashine za kusaga. Jina langu Apolonia, lakini wateja wananiita Mama Nelly, na wasionipenda wananiita Mdomo. Sawa tu. Mdomo haujawahi kunipunguzia wateja, maana nguo nikiishona inakaa mwilini. Nasema haya mapema ili nikitoa neno kali huko mbele usishtuke.

Siku hizi watu wa jumuiya wananiuliza, "Mama Nelly, unaumwa?" Siumwi. Silii, sina hasira, usingizi naupata, ugali naula. Ni ganzi tu, kama ya mkono ulioulalia. Unauona ni wako, unaugusa, lakini hausikii kitu. Ndivyo nilivyo tangu mambo ya mdogo wangu Mageni, na ukiwa na subira nitakueleza yalivyokwenda.

Mageni alikuwa mchimbaji kule Bugarama. Usifikirie ule mgodi mkubwa wenye uzio. Yeye alikuwa kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, wanashuka kwa kamba na nyundo na tindo, wanapandisha mwamba kwenye viroba. Duara lao lilikuwa na wenye hisa kadhaa, Mageni akiwemo, na mwingine Marwa, Mkurya wa Tarime, mtu wa maneno machache, lakini akisema limesemwa. Mwamba ukishasagwa na kuoshwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, halafu zebaki inachomwa kwenye kikaango mpaka iruke yote ibaki dhahabu. Kuchoma ilikuwa kazi ya Mageni. Wenzake walimpa yeye kwa sababu hana mkono mrefu, hawezi kuficha punje kwenye kucha. Kwa hiyo miaka yote hiyo aliyeinama juu ya ule moshi ni yeye.

Pasaka iliyopita tulikutana Tinde kwa mama yetu, Mama Sesilia. Nilimpa Mageni chai, kikombe kikamcheza mkononi mpaka chai ikamlowesha suruali. Nikamtania, "Khaa! Umeanza lini pombe bila kutualika?" Mageni ninayemjua angenirudishia mara mbili. Huyu alinikazia macho, akaweka kikombe chini, akaenda kukaa peke yake nyuma ya zizi. Mke wake, Rhoda, akasema siku hizi halali vizuri. Mama akasema ni uchovu wa duara. Tukaendelea kula.

Mwezi wa tisa, jua limekausha kila kitu, Rhoda akaja barazani kwangu asubuhi bila hata kunipigia simu. Amevaa vizuri, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, wifi."

"Mwangaluka. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Akavuta kigoda karibu na cherehani, akashusha sauti. "Wifi, utamwona mdogo wako hapa sokoni. Usishtuke. Atakuwa kama kichaa, lakini si kichaa. Yuko kwenye dawa."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedeli. "Dawa gani?"

"Wewe si mgeni, wifi."

Kweli si mgeni. Huku kwetu hata mtoto anayenyonya ameshasikia habari za ndagu. Ni dawa ya utajiri, na haiji bila masharti. Kuna anayeambiwa amtoe ndugu yake, kuna anayeambiwa asizae, na kuna anayeambiwa awe kichaa kwa muda, aokote majalalani mbele za watu wanaomfahamu, kisha arudi nyumbani, aoge, awe tajiri. Ndiyo maana ukiona kichaa mpya hapa mjini watu hawakimbilii kumcheka. Wanasema ngoja kwanza, huenda mwakani ndiye mwenye hoteli. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui. Najua tu kwamba wanaoamini ni wengi, na Jumapili tunakaa nao benchi moja.

"Mganga gani huyo?" nikamuuliza.

"Wa huko Bukombe. Jina lake siruhusiwi kulitaja."

"Na akili zake Mageni?"

"Anazo zote. Anaigiza tu. Mpaka watu waanze kupanda mazao."

Akanieleza masharti. Mageni asioge. Asilale chini ya paa. Ale anachookota, si anachopewa. "Na hili ndilo hasa lililonileta," akasema. "Ndugu wa damu asimwite kwa jina. Mama ameshaambiwa. Ukimwita akaitika, dawa inakatika, na inamgeukia yeye mwenyewe. Anaweza kufa, wifi. Nakuomba. Najua mdomo wako."

"Rhoda, wewe si ni mwanakwaya?"

"Na kwaya imenipa nini? Nina watoto wanne, naishi nyumba ya turubai." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nikaona hatanii wala si mjinga. Amechoka tu. Nikamwambia sawa, sitamwita.

Haikupita wiki, nikamwona. Alitokea upande wa mashine za kusaga, peku, suruali imekatwa magotini, begani ana gunia tupu. Unga umemrukia kichwani, mtu mweusi amekuwa wa kijivu. Akainama kwenye lundo la pumba, akachagua, akatia mdomoni, akatafuna taratibu. Kisha akapita mbele ya baraza langu, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemshika. Akanitazama. Macho yakanipita yakaenda kwenye vitenge nilivyovitundika nyuma.

Nikajiambia, ama kweli anaigiza vizuri. Vizuri mno. Na hapo ndipo shaka ilipoanza, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea huyu. Tulipokuwa wadogo, mchezo wa Krismasi pale parokiani Tinde, alipewa awe mchungaji wa kondoo, asimame tu, asiseme neno. Alishindwa. Alicheka mpaka katekista akamtoa nje kwa sikio. Mtu aliyeshindwa kuigiza mchungaji, leo ataigizaje kichaa mbele ya dada yake bila hata kope kucheza?

Lakini sikuita. Nilikuwa nimeahidi, na niseme wazi, niliogopa. Unaweza usiamini dawa, lakini ukiambiwa neno lako litaua mtu, utalimeza. Nililimeza kila siku. Akitokea tu mimi nashika sindano, nakaza meno.

Soko lote lilijua. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini walijua. Muuza mchele alikuwa anasogeza baiskeli yake ili Mageni apite. Wauza nyanya walikuwa wanaangusha nyanya nzima chini makusudi, ili aokote, isihesabike kuwa wamempa. Ungeona walivyokuwa wanamheshimu! Na hapo hapo alikuwepo Serafina, kichaa wetu wa siku zote, mwanamke aliyechanganyikiwa alipofiwa na watoto. Yeye alikuwa anafukuzwa na kumwagiwa maji. Serafina hana duara, hana mganga, nani atasema anatafuta utajiri? Wote wawili wanakula jalala moja, mmoja anaitwa bosi mtarajiwa, mwingine anaitwa shetani. Nikamwambia muuza mchele, "Hivi nyie mnawapimaje?" Akanijibu, "Fundi, akili ni nywele." Nikamwambia basi zako zimenyonyoka zote.

Mwezi wa kumi na moja mvua haikuja. Nilikwenda Tinde kwa mama. Nilimkuta ameketi kivulini anapukuchua mahindi ya mbegu, anangoja mvua kama watu wote.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanone. Umemwona?"

"Namwona kila siku. Amekonda. Mama, yule mtoto anaumwa."

"Haumwi. Ana masharti." Aliendelea kupukuchua. "Baba yenu alikufa akiwa na jembe mkononi. Mimi nitakufa na jembe mkononi. Mmoja akijitoa ili sisi tupumzike, wewe unataka kumharibia?"

"Ana mikono inayotetemeka tangu Pasaka! Mlimwona wote."

"Wewe Apolonia, tangu utoto mdomo wako unatangulia." Hakupandisha sauti. Akanionyesha kwa kidole mahali pa kujenga nyumba ya bati, upande huu mlango, upande huu tenki la maji. Alikuwa ameshapima. Nikainuka, nikaaga, nikapanda gari. Sikumwambia lolote zaidi, maana mtu aliyeshaona mlango wa nyumba yake huwezi kumwambia kitu.

Mvua ikaja mwezi wa kumi na mbili. Ilinyesha vizuri, Tinde wakapanda, mama mwenyewe akapanda. Nikangoja. Mageni akabaki pale pale kwenye pumba, amelowa, anatetemeka. Nikampigia Rhoda. "Watu wamepanda."

"Ile ilikuwa mvua ya kupita, wifi. Huku Bugarama bado."

Ikanyesha Bugarama. Nikampigia tena. Akasema waliopanda ni wachache, mganga amesema watu, maana yake wote. Nikamwambia, "Rhoda, hivi unajisikia unavyoongea?" Akakata simu.

Kisha nikauona mguu. Alikuwa amejichoma na bati au msumari, sijui, kifundo kimevimba, kuna kidonda kinatoa maji, nzi wametanda, na yeye hawafukuzi. Alikuwa anautazama huo mguu kama unavyoutazama mzigo wa abiria mwenzako. Mtu anayeigiza anaweza kula pumba. Anaweza kulala mvuani. Lakini nzi akiingia kwenye kidonda mkono unakwenda wenyewe, hauombi ruhusa kwa mganga. Mkono wa Mageni haukwenda.

Siku ile ile nikampigia Marwa, akaja kesho yake. Alisimama barazani akamwangalia Mageni kwa mbali, muda mrefu. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa naye duarani. Alianzaje?"

"Alianza kabla ya dawa," Marwa akasema. "Alikuwa halali. Usiku anapekua viroba anasema mawe yanamsema. Mchana anatugombeza, anasema tunamtukania moyoni. Mimi nilimwambia shemeji ampeleke hospitali. Yeye akampeleka kwa mganga."

"Na mganga akamwambia awe kichaa."

"Ndiyo."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika cherehani. Mtu amechanganyikiwa, anapelekwa atibiwe, anaambiwa kanuni ya dawa ni uchanganyikiwe. Sasa atajuaje kwamba ameanza? Na sisi tutajuaje kwamba amemaliza? Marwa hakucheka. Tangu siku hiyo na mimi sijacheka hivyo tena.

Nikamwambia aite bajaji aiweke karibu. Nikavua tepu shingoni, nikavuka barabara. Ilikuwa mchana, soko limejaa. Walioniona wakajua ninakwenda kufanya nini, maana mashine moja ya kusaga ilizimwa. Muuza mchele akasema, "Fundi, usifanye hivyo. Fundi!" Mageni alikuwa amechuchumaa, ananipa mgongo.

Naogopa hata sasa nikikumbuka. Nilihisi kabisa kwamba nimeshika kisu.

"Mageni," nikasema.

Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti, "Mageni! Mageni wa Sesilia!"

Akageuka. Akanitazama usoni, safari hii macho hayakunipita. "Naam," akasema, kwa adabu, kama mtu aliyeitwa dukani. Kisha akaketi chini kwenye pumba, akaanza kulia bila sauti, kamasi na machozi vinachuruzika, hafuti. Hakufa. Wanawake wa nyanya wakashika vichwa. Mimi na Marwa tukambeba.

Hospitali walimpokea vizuri, sina lawama nao. Mguu waliuokoa. Kwa ajili ya kichwa walimpa sindano, kisha vidonge. Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza kazi yake, nikamwambia anachoma zebaki, akaandika. Nikamuuliza, "Ndiyo iliyomharibu?" Akasema inawezekana. Inaweza kuwa zebaki, inaweza kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwemo, inaweza kuwa vyote viwili. Akaniambia asirudi tena kwenye moshi ule na vidonge asiviache. Nilitaka aseme neno moja tu nilipeleke Tinde, hakuwa nalo.

Alipotoka nikamchukua kwangu. Naishi na binti yangu Nelly tu, baba yake alishahamia kwa mwingine, Mungu amsaidie huko alipo. Mageni akaoga, akanyolewa, nikamshonea shati. Akanenepa kidogo. Akaanza kukaa nami barazani akibandika vifungo, mikono bado inatetemeka, anajichoma sindano, anasema "ah" anapojichoma. Nilikuwa naipenda hiyo "ah". Nilikuwa najifanya natafuta uzi ili niisikie tena.

Rhoda alikuja mara moja. Hakukaa. Alisimama pale pale mbele ya wateja akasema, "Umemtoa mume wangu kwenye mlango wenyewe. Mungu anakuona." Mama hakuja, alituma neno kwamba chakula changu hatakula tena. Sawa. Nilikuwa na mdogo wangu, nikajiambia hayo mengine yatapoa.

Siku moja nikamuuliza. "Mageni, niambie ukweli mbele ya Mungu. Ulikuwa unaigiza au ulikuwa unaumwa?"

Akaweka kifungo chini, akafikiri. "Mwanzoni nilikuwa nikiamka najiambia, wewe ni Mageni, mume wa Rhoda, uko kwenye dawa, usisahau. Kila asubuhi. Kisha nikawa nasema uko kwenye dawa, basi, maana hayo mengine nayajua. Kisha nikaacha kusema. Kazi ilikuwa imeshakuwa nyepesi."

"Nyepesi vipi?"

"Mwanzoni kula pumba nilikuwa najilazimisha. Baadaye sijilazimishi. Dada, wewe ukikaa kwenye cherehani bado unaifikiria miguu yako? Mtu akizoea kazi, utasema anaumwa?"

Nikatia uzi kwenye sindano.

"Nilipokuita ulinijua?"

"Nilijua mtu kaniita. Wewe nilikujua tukiwa kwenye bajaji." Akaokota kifungo chake. "Lakini nilikuwa nimebakiza kidogo sana nimalize, dada. Hilo nalijua."

Haya, kama hiyo haitoshi, Marwa akapiga simu. Duara limetema. Ndivyo wanavyosema wenyewe dhahabu ikipatikana kwa wingi, kwamba duara limetema. Marwa alikuwa anapiga kelele mpaka simu inakwaruza, halafu akakumbuka anaongea na nani, akashusha sauti. Hisa ya Mageni haikuwepo tena. Rhoda alikuwa ameiuza wakati anangoja utajiri, watoto walihitaji kula. Sikuweza hata kumlaumu.

Nilifikiria kumficha Mageni, lakini Bugarama si mbali, habari ya dhahabu haifichiki. Kufikia jioni alikuwa anajua. Kwa mama na Rhoda mambo yalikuwa wazi kama mchana, dawa ilikuwa imefika, mlango unafunguka, Apolonia akaufunga usoni pao. Nilijiandaa kwa kilio. Nilijiandaa hata kwa kipigo. Mageni hakulia wala hakunigusa. Alikula, akaosha vyombo, akamsaidia Nelly hesabu za shule, akazipata zote.

Baada ya siku kadhaa akaniambia, tukiwa tunakunywa uji asubuhi, "Nimeongea na yule mzee wa Bukombe. Aliyekatishwa anaruhusiwa kurudia. Safari hii ni mpaka watu wavune."

Nikaweka kikombe. "Na vidonge?"

"Nimeacha tangu juzi. Nisingetaka nikufiche."

"Mageni, wewe ulikuwa mgonjwa. Mguu ule ungekatwa!"

"Najua."

"Safari ile ulisahau jina lako mwenyewe."

"Najua, dada. Safari hii nitajitahidi nisisahau mapema." Alisema kwa upole kabisa. "Kichaa hajui anakokwenda. Mimi najua. Naogopa hata sasa, nikufiche nini? Lakini nina watoto wanne kwenye turubai, na nimeshaona kwa macho yangu kwamba ilikuwa inafanya kazi."

"Haikufanya kazi! Duara lingetema hata ungekuwa umelala kwako!"

"Inawezekana," akasema. Neno lile lile la daktari.

Nikatoka uani nikampigia daktari, namba alinipa mwenyewe. Nikamwambia njooni mumchukue, anataka kurudia. Akaniuliza, anakula? Anakula. Anaoga? Anaoga. Anawajua watu, anaongea yanayoeleweka? Nikasema anaongea kuliko mimi. Akavuta pumzi. "Mama, mtu mwenye akili timamu siwezi kumlaza kwa nguvu. Mbembeleze ameze vidonge. Akianza kuchanganyikiwa mlete mara moja." Nikamwambia akianza kuchanganyikiwa, daktari, nitamjuaje?

Nilimbembeleza. Nilimtukana pia. Nilimwambia nitampigia kelele, nitamwita jina kila kona ya soko hili mpaka nikauke koo, atarudia hata mara kumi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Ukiniita tena nitarudia tena, na kila nikirudia muda unaongezeka. Utakuwa hujaniokoa, dada. Utakuwa umenirefushia." Na hapo, Yesu wangu, nikahisi kitu kinakatika ndani, si kwa maumivu, taratibu tu, kama umeme unavyopungua nguvu kabla haujazimika. Alikuwa amesema kweli. Hesabu zake zilikuwa sahihi zote, isipokuwa ile ya kwanza, ya dawa yenyewe.

Tukaenda barazani pamoja, kama kila siku. Akabandika vifungo vya sare alivyokuwa ameanza jana, akavimaliza, akakata nyuzi. Jua lilipokuwa kali akasimama. Akavua shati nililomshonea, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaliweka kwenye meza ya cherehani. Akavua viatu akavisukuma chini ya kigoda.

"Dada, safari hii usiniite."

Nilisikia miguu yangu iko kwenye pedeli, mikono yangu iko kwenye kitambaa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Alivuka barabara. Mwanzo alitembea kama mtu anayekwenda dukani. Kisha akajaribu kuinamisha mabega, akachechemea kidogo, akasita, akajaribu tena. Alikuwa anaigiza, na alikuwa anaigiza vibaya, nusura nimwonee aibu. Akafika kwenye lundo la pumba, akachuchumaa, akachota kiganja kimoja cha pumba, akakaa nacho muda mrefu kabla hajakitia mdomoni. Akakohoa. Akameza.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Wiki zilizofuata alikuwa hakohoi.

Jana alikuja mteja mgeni, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Songea, anafuata gauni lake. Mageni alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, hapa hapa karibu na baraza, anachora mchangani kwa kidole. Yule mwalimu akamtazama, akanitazama, akarudi kumtazama.

"Fundi, samahani. Mmefanana. Yule si ndugu yako?"

Nikakunja gauni lake, nikalitia kwenye mfuko.

"Simjui," nikasema.

Mageni alisikia. Akainua uso, akanitazama sawasawa machoni, akainamisha kichwa kidogo kunishukuru.